Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008: tetemeko la Rusizi na Bukavu, na yale linalotuhusu sisi vijana wakimbizi

Vijana wenzangu, na ninyi mnaofanya kazi nasi katika mashirika, wiki hii tunarudi nyuma kwenye historia ya hapa hapa tunapoishi. Wengi katika kundi letu walikuwa watoto wadogo mwaka 2008, wengine hawajazaliwa. Lakini kila ardhi inapotikisika kidogo, simu zinajaa ujumbe: "Kubwa linakuja leo usiku saa sita, msilale ndani." Nani amesema? Hakuna anayejua. Ndiyo maana naona ni vizuri tujue kilichotokea kweli, kinachoweza kutabiriwa na kisichoweza, na kinachoweza kufanywa na mtu asiye na pesa wala cheo.

Kilichotokea

Jumapili tarehe 3 Februari 2008, siku ya yenga kama tunavyosemaga Bukavu, saa tatu na dakika 34 asubuhi, ardhi ilitikisika pande zote mbili za ziwa Kivu na mto Rusizi. Wanasayansi walipima tetemeko hilo kuwa na ukubwa wa 5.9. Kitovu chake kilikuwa kilomita kama 20 kaskazini mwa Bukavu, na halikuanzia mbali sana chini ya ardhi. Upande wa Rwanda, wilaya zilizoumia zaidi zilikuwa Rusizi na Nyamasheke. Wilaya hizo zilikuwa na miaka miwili tu, kwa sababu mkoa wa zamani wa Cyangugu ulivunjwa mwanzoni mwa 2006 na kuingizwa katika Mkoa wa Magharibi.

Ebu fikiria saa tatu na nusu asubuhi siku ya Jumapili katika eneo hili. Watu wako wapi? Wako kanisani. Katika wilaya ya Rusizi kanisa moja liliporomoka watu wakiwa ndani wanasali, na hapo peke yake walikufa watu wapatao 10. Kwa jumla, pande zote mbili za mpaka, walikufa takriban watu 40, na walio wengi kati yao walikuwa upande wa Rwanda. Majeruhi walikuwa mamia. Hospitali zenyewe zilipasuka kuta: ile ya Bushenge, Nyamasheke, iliharibika vibaya na ilibidi baadaye ijengwe upya. Yaani pale pale majeruhi walipokuwa wanapelekwa, pakawa napo si salama.

Saa chache baadaye, mchana, ardhi ilitikisika tena kwa nguvu. Tarehe 14 Februari likaja jingine la kama 5.3. Watu wakalala nje, chini ya migomba na mahema, siku nyingi, na Februari hapa si mwezi mkavu.

Angalia jambo moja. Kitovu kilikuwa karibu na Bukavu, mji mkubwa wenye nyumba zilizobanana kwenye milima. Bado, wengi waliokufa walikuwa upande huu. Tetemeko halikuuliza nani ni Mnyarwanda na nani ni Mkongomani. Liliuliza: uko ndani ya jengo gani, na uko na watu wangapi?

Kwa nini hapa?

Tunaishi juu ya Bonde la Ufa, tawi lake la magharibi. Tawi hili linaanzia Uganda kwenye ziwa Albert, linashuka Edward, Kivu, Tanganyika, mpaka Rukwa na Malawi. Bara la Afrika linapasuka polepole sana hapa, milimita chache kwa mwaka. Huwezi kuona. Lakini miamba haitelezi kama mafuta. Inang'ang'ania miaka na miaka, halafu siku moja inaachia ghafla. Kule kuachia ndiko tunakoita tetemeko.

Dalili za ardhi hii ziko mbele ya macho yetu. Maji ya moto ya Bugarama, yale watu wanaenda kuoga kutafuta uponyaji, yanapashwa moto na joto la chini ya ardhi. Ziwa Kivu lenyewe, lenye kina cha karibu mita 485, lilizibwa upande wa kaskazini na lava ya volkano za Virunga zamani sana. Maji yakakosa njia, yakageuka, yakatafuta njia ya kusini, na hivyo ndivyo mto Rusizi ulivyopata kumwaga maji ya Kivu ndani ya Tanganyika. Huo mto tunaouvuka na vitambulisho na jetoni mkononi ni mtoto wa volkano.

Na watu wameuvuka sana. Mwaka 1994 mamia ya maelfu walivuka kutoka Cyangugu kwenda Bukavu. Mwaka 2004, vita vilipofika Bukavu, wengine walivuka kuja Cyangugu. Mwaka 2015 Warundi wakaingia Rusizi kutoka kusini. Kila mmoja alikimbia binadamu wenzake, akafikia juu ya ardhi ile ile inayotikisika. Ndiyo maana kila lugha yetu ina neno lake. Mnyarwanda anasema umutingito, Mrundi anasema nyamugigima. Waganda wana jina la mtu kabisa, Musisi, linalohusishwa na tetemeko. Watu hawatungi jina la kitu ambacho hakijawahi kuwagusa.

Si 2008 peke yake

Tarehe 20 Machi 1966, tetemeko la Toro lilipiga mpaka wa Uganda na Kongo na kuua zaidi ya watu 100. Tarehe 24 Oktoba 2002, miezi tisa baada ya Nyiragongo kulipuka na kuchoma sehemu ya Goma, tetemeko la 6.2 lilipiga Kalehe, kwenye pwani ya magharibi ya Kivu. Tarehe 5 Desemba 2005 ziwa Tanganyika lilitikiswa na tetemeko la 6.8 lililoangusha nyumba Kalemie. Tarehe 7 Agosti 2015, kati ya saa tisa na saa kumi usiku, Bukavu iliamshwa tena. Kuta zikapasuka, na vifo vikawepo. Tarehe 10 Septemba 2016 ikawa zamu ya Bukoba, Tanzania: ukubwa wa 5.9, sawasawa na letu la 2008. Watu zaidi ya 15 walikufa, maelfu wakakosa nyumba, na shule kubwa kama Ihungo zikaharibika.

Ukiyapanga hivi unaona kitu. Hatuwezi kusema siku. Lakini kusema "hapa haliwezi kutokea tena" ni kujidanganya. Katika maisha ya kijana mmoja wa miaka 25 wa upande huu, ardhi imeshampa somo zaidi ya mara moja.

Je, tetemeko linatabirika?

Jibu fupi: hapana. Hakuna mtu duniani, awe profesa, nabii au mwenye simu ya bei kali, anayeweza kukwambia siku, saa na mahali tetemeko litapiga.

Si kwamba hawakujaribu. Tarehe 4 Februari 1975, mji wa Haicheng nchini China ulihamishwa watu kabla ya tetemeko kubwa, maisha mengi yakaokoka. Dunia ikashangilia: sasa tumeweza! Lakini Haicheng ilikuwa na bahati ya kutanguliwa na mitikisiko midogo mingi iliyowashtua watu. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 28 Julai 1976, mji wa Tangshan, China hiyo hiyo, ulibomoka usiku bila onyo lolote. Serikali yao ilihesabu watu wapatao 240,000 waliokufa. Marekani nao walisema sehemu inayoitwa Parkfield, California, itapata tetemeko kabla ya mwaka 1993. Wakajaza vifaa vya kupimia, wakangoja. Likaja 2004.

Wenzetu wengine watauliza: na Japan? Si wanapata onyo kwenye simu? Ni kweli, lakini lile si utabiri. Tetemeko linatoa mawimbi ya aina mbili. La kwanza linakimbia kama kilomita 6 kwa sekunde na halina nguvu sana. La pili linakimbia kama kilomita 3.5 kwa sekunde, na ndilo linalobomoa. Mashine inanasa la kwanza na kutuma onyo kabla ya la pili. Sasa tupige hesabu ya hapa kwetu. Ukiwa kilomita 20 kutoka kitovu, wimbi la kwanza linakufikia kwa sekunde 3 na kidogo, la pili kwa karibu sekunde 6. Tofauti ni sekunde mbili na nusu hivi. Mashine ikichelewa kidogo tu, onyo linakukuta tayari uko chini ya vumbi. Mfumo wa namna hiyo unasaidia sana mji ulio mbali na kitovu. Sisi tunakaa juu ya kitovu chenyewe.

Kinachowezekana ni kitu kingine: kuhesabu hatari ya eneo kwa miaka mingi. Hapo ndipo vituo kama Lwiro, huko Kabare, vina maana kubwa. Kituo hicho cha utafiti kilianzishwa wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, na tangu miaka ya 1950 kumekuwa na mashine za kupima mitikisiko katika eneo hili. Bila daftari hizo za miaka mingi, mjenzi hana namna ya kujua ajenge kwa nguvu kiasi gani.

Jambo lingine linalojulikana ni tabia ya mitikisiko ya baadaye. Mjapani Fusakichi Omori aliliandika mwaka 1894: baada ya tetemeko kubwa, madogo yanafuata mengi siku ya kwanza, halafu yanapungua. Kwa makisio, siku ya kumi yanakuwa kama sehemu moja ya kumi ya yale ya siku ya kwanza. Yanapungua, ila hayaishi ghafla, na mara moja moja linatokea lenye nguvu. Lile la tarehe 14 Februari 2008 lilikuja siku ya kumi na moja, wakati watu walishaanza kusema yamekwisha. Kwa hiyo kurudi haraka ndani ya nyumba yenye nyufa ni hatari, hata kama nje kunanyesha.

Somo la Goma, 2021

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka usiku. Kituo cha Goma cha kuangalia volkano kilikuwa kimepungukiwa pesa, hata intaneti ya kupokea taarifa za mashine zake ilikuwa imekatika miezi kadhaa kabla. Siku zilizofuata ardhi ilitikisika mara nyingi, Goma na Gisenyi, majumba yakapasuka. Tarehe 27 Mei serikali ikaamuru mitaa 10 ya Goma ihame, kwa hofu ya mlipuko wa pili. Watu mamia ya maelfu wakatembea kwenda Sake, wakapanda boti kwenda Minova na Bukavu, wengine wakavuka Rwanda. Mlipuko wa pili haukuja, na mwezi Juni watu wakaruhusiwa kurudi.

Je, serikali ilikosea? Mimi siwezi kusema hivyo kirahisi. Kwa volkano kuna dalili zinazosomeka kuliko kwa tetemeko, na aliyebeba uamuzi alikuwa anapima maisha ya watu. Lakini tuone pia gharama: watoto waliopotezana na wazazi njiani, maji machafu, nyumba zilizoachwa wazi. Kuhama nako kunaumiza. Sisi wakimbizi tunalijua hilo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo anayetuma ujumbe wa uongo wa "ondokeni leo usiku" hachezi. Anaweza kumvunja mguu mama wa watu kwenye giza, au kumfanya mtoto akanyagwe mlangoni.

Kanuni yangu ni rahisi: ujumbe wowote unaotaja siku na saa ya tetemeko ni uongo, hata ukiwa na nembo ya taasisi kubwa. Usiusambaze. Na aliyekutumia mwambie kwa upole, kwa sababu mara nyingi naye ameogopa tu.

Kinachoua ni jengo

Mwaka 2010 ulitupa mfano mchungu. Januari, Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0, wakafa zaidi ya watu 100,000. Februari, Chile ilipigwa na la 8.8, ambalo nguvu yake ilikuwa kama mara 500 ya lile la Haiti. Chile walikufa watu wapatao 500. Kuna sababu kadhaa, umbali wa kitovu na miji ukiwemo, lakini kubwa ni kwamba Chile ina sheria ya ujenzi inayofuatwa kweli.

Hapa kwetu nyumba nyingi ni za rukarakara, tofali za udongo zilizokaushwa juani. Rukarakara inabeba uzito wa juu vizuri, lakini ukiisukuma kwa ubavu inaachia. Na tetemeko linasukuma kwa ubavu. Makanisa na kumbi ni hatari zaidi: kuta ndefu bila ukuta wa katikati wa kuzishika, na ile pembetatu ya ukuta chini ya paa imesimama peke yake. Inapoanguka, inaangukia watu walio mstari wa mbele au mlangoni.

Dawa yake si lazima iwe ya tajiri. Mkanda wa zege na nondo unaozunguka kuta zote juu, ule mafundi wa huku wanauita shenaji, unazifunga kuta zisiachane. Mbao za paa zifungwe kwenye huo mkanda, zisikalishwe tu juu ya ukuta. Milango na madirisha yasiwekwe kwenye kona. Bati badala ya vigae vizito. Na msingi usikalishwe ukingoni mwa mteremko uliochimbwa.

Tunayo methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Waswahili waliitunga kama mfano, lakini Rusizi ichukueni kama ilivyo. Ufa ulioachwa na tetemeko moja ndio mlango wa tetemeko linalofuata. Ufa mwembamba wa plasta si kitu. Ufa unaopita kwenye kona kutoka juu mpaka chini, au unaoingiza kidole, umwoneshe fundi kabla hamjarudi kulala humo.

Neno kwa wafanyakazi wa mashirika

Mkimbizi anapofika, analala kwanza chini ya shitingi. Anaona aibu, anatamani ukuta. Kwa mvua na wezi ana haki. Ila kwa tetemeko, shitingi haiui mtu. Ukuta wa udongo ndio unaoua. Kwa hiyo siku mnapotusaidia kutoka kwenye hema kwenda kwenye nyumba, mnatuongezea heshima na pia mnatuongezea hatari, kama hakuna shenaji. Wekeni gharama hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo. Anzeni na majengo wanamojaa watu: ukumbi wa kusubiria, darasa, zahanati, mahali pa ibada.

Pili, matangazo yawe katika Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili, na yapite kwa sauti pia, si karatasi ukutani tu. Kuna wazee wetu wasiosoma, na kuna wasiosikia. Tatu, watajeni mapema watu wa kutangaza ukweli baada ya tetemeko. Pengo la habari la saa moja linatosha uvumi kuzunguka kambi nzima. Nne, wilaya na mashirika ya upande huu na ya Bukavu wazungumze kabla ya siku hiyo. Tetemeko likija, litapiga kote, na watu watakimbilia daraja kutoka pande zote mbili.

Tunachoweza kuanza wenyewe

Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi upo. Tumwombe kiongozi wa mudugudu, siku moja badala ya kufyeka tu, tukague majengo tunamokusanyika. Maswali ni matatu: Milango inafunguka kwenda nje, na iko mingapi? Kuna ufa kwenye kona au kwenye ile pembetatu ya juu? Nje kuna uwanja wazi usio karibu na ukuta, nguzo za umeme au mteremko?

Nyumbani, ondoeni vitu vizito juu ya kitanda. Jiko la makaa lisikae karibu na godoro au pazia. Weka karatasi zako, ile ya ukimbizi na ya hospitali, kwenye mfuko mmoja wa plastiki karibu na mlango, maana tunajua sote shida ya kuanza kuzitafuta upya. Ardhi ikitikisika ukiwa hatua mbili tatu kutoka mlangoni mwa nyumba ya udongo, toka, nenda uwanjani. Ukiwa mbali na mlango, au kwenye jengo la ghorofa, usikimbilie ngazi: inama, jifiche chini ya meza imara, linda kichwa, shikilia. Ukiwa kanisani, usisukumane. Likitulia, toka kwa utaratibu, zima moto, mwangalie jirani asiyeweza kutembea. Namba za kupiga Rwanda ni 112 kwa polisi, 912 kwa ambulansi, 111 kwa zimamoto.

Wale waliokufa tarehe 3 Februari 2008 hawakufanya kosa lolote. Walikwenda kusali, wakaketi chini ya ukuta ambao hakuna aliyewahi kuukagua. Ardhi hatutaizuia. Ukuta tunaweza kuuangalia, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu haiko mbali.